Maneno Matano Kabla ya Usingizi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imefika. Ilianza wakati nazungusha damu ya asubuhi, na mashine iliposimama nje kulikuwa kumeshatanda giza kama jioni. Maji yalipenya chini ya mlango wa maabara tukayaziba kwa makoti mabovu.

Nimeamua kuandika msimu huu wote. Msimamizi wetu anasema nina tabia ya kuwaza hadi chakula kinapoa. Huenda nikiyamwaga mawazo hapa nitaanza kula cha moto.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Wazee wakifanyiwa upasuaji mkubwa, baadhi yao huamka wakiwa si wale waliolala. Wengine huchanganyikiwa siku chache, kisha hurudi. Wengine hurudi nusu. Sisi tunatafuta ndani ya damu dalili ya kutuambia mapema nani yuko hatarini. Kuna protini ambayo makao yake ni ndani ya nyuzi za neva. Nyuzi zikiumia, protini hiyo huvuja, na chembe chache mno hufika kwenye damu. Mashine yetu huzipima. Tunapima kabla ya kisu, tunapima baada ya kisu, na wenzetu wa wodini wanawauliza wazee maswali ya kumbukumbu. Mwisho wa utafiti tutalinganisha damu na majibu.

Tyubu hutufikia zikiwa na namba, hazina majina. Hilo ni sharti la utafiti, nami nalipenda. Kwa kuwa sijui nani ni nani, simwogopei mtu.


Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nyonga ya Baba imemkesheza. Asubuhi nimemkuta ameegemea friji, amefumba macho, anasubiri maumivu yapite kama mtu anayesubiri gari kubwa lipite ndipo avuke.


Jumamosi, 9 Machi

Hospitali imempa Baba tarehe: tarehe nane mwezi ujao atawekewa nyonga mpya. Shangazi amepiga vigelegele jikoni mpaka mtoto wa jirani akachungulia ukutani.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba. Alikuja kukaa kwetu Mama alipofariki, akasema anakuja kwa wiki mbili, na sasa ana kabati lake. Anaongea kutwa. Baba akifungua mdomo, yeye ameshamalizia. Zamani nilikuwa nachukia tabia hiyo kupita kiasi. Bado naichukia.

Baba alikuwa mkaguzi wa mizani. Maisha yake yote alikuwa akiingia madukani na masokoni na boksi la mawe ya kupimia, na wenye maduka walimwita Bwana Gramu. Alitembea sana, na nyonga imelipa. Sasa, kwenda langoni tu ni safari.

Wakati wa chakula Shangazi alinyanyua kijiko. "Haya, Daktari wa Vichupa, leo hatujafanya mtihani wetu. Mdogo wangu, taja!"

"Mkasi, daraja, kitunguu, kengele, kijani," Baba alisema bila kuacha kutafuna.

"Mimi kitunguu huwa kinanitoroka," Shangazi alisema. "Nakikata kutwa nzima, ukiniuliza, sikioni."

Hayo ni maneno matano ya mtihani wa kumbukumbu. Mwaka jana nilifundishwa kuutoa ili nimshikie nafasi muuguzi wa utafiti akiwa likizo, na sikuwa na mzee mwingine wa kufanyia mazoezi ila hawa wawili. Nikawa nawauliza mezani karibu kila jioni: taja maneno, chora saa, hesabu kurudi nyuma kwa saba saba. Imekuwa utani wa nyumba. Shangazi anasema kwetu watu hawasalimiani kwa shikamoo tena, wanasalimiana kwa mkasi.


Jumanne, 12 Machi

Muuguzi wa utafiti amemwomba Baba ajiunge na utafiti wetu, naye amekubali kwa fahari. Nilimwendea msimamizi kumwambia kwamba baba yangu atakuwa miongoni mwa wagonjwa, je, nikae kando? Alikuwa ameingiza nusu ya mwili ndani ya friza akitafuta rafu.

"Tyubu haina baba," alisema akiwa humo humo. "Funga mlango, baridi inatoka."


Alhamisi, 14 Machi

Mvua kubwa kuliko zote hadi sasa. Barabara ya bondeni imekatika na wagonjwa wengi wa kliniki hawakufika. Baba alifika, kwa kuwa nilimpeleka mwenyewe alfajiri kabla maji hayajajaa.

Saa sita mhudumu alileta kisanduku cha damu kutoka kliniki. Kwa kawaida hubeba kumi, kumi na mbili. Leo alikifungua, ndani kukawa na tyubu moja.

Niliitazama ikiwa imesimama peke yake kwenye kishikio. Damu nyeusi kidogo, kifuniko cha zambarau, namba. Nilijua ya nani kabla sijataka kujua.

Ningeweza kumpa mwenzangu aishughulikie. Nilijiambia damu haisubiri. Nikaizungusha, nikanyonya maji ya manjano yaliyoelea juu, nikayaweka kwenye friza.


Ijumaa, 15 Machi

Mashine ilipotoa majibu, niliona ile namba moja imesimama mbali na nyingine zote za leo, zilizotoka kwenye tyubu za wiki iliyopita tulizokuwa nazo kwenye friza. Ni karibu mara tatu ya kiwango cha watu wa umri wake.

Niliirudia. Ikatoka ile ile.

Najua yote yanayostahili kusemwa hapa. Figo zikichoka, protini hii hupanda. Mtu akianguka akagonga kichwa, hupanda. Na hata ikiwa ni neva kweli, hakuna anayejua bado namba kama hii ina maana gani kwa mtu mmoja. Ndiyo maana tunafanya utafiti, na ndiyo maana haturuhusiwi kumwambia mtu yeyote majibu yake. Nimewahi kuwafundisha wageni wa maabara maneno haya haya, tena kwa kujiamini.

Jioni nilimuuliza Baba kama aliwahi kuanguka. Akacheka. "Ningeanguka, Shangazi yako angeshatangaza redioni."


Jumapili, 17 Machi

Leo nimekuwa mtu mbaya. Nimemchunguza baba yangu kutwa nzima kama mwizi anayechunguza nyumba.

Alitia sukari kwenye kikombe, akakoroga, akaweka sukari tena. Shangazi alikivuta kikombe, akampa cha kwake, huku akiendelea kusimulia habari ya harusi ya mtu. Hakukatiza hata sentensi.

Baba alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala na bisibisi mkononi. Shangazi akapita: "Bawaba, mdogo wangu. Bawaba ya dirisha la bafuni." Baba akaenda.

Alianza kunieleza habari ya mfanyabiashara mmoja wa nafaka aliyekuwa akificha sumaku chini ya sinia la mizani. Kisa hicho nakijua. Alipofika kwenye jina la mtu huyo alisita, na kabla ukimya haujatua Shangazi aliudaka.

Miaka yote hii nilidhani anamkatiza. Kumbe anamshika mkono.

Nilimfuata uani alikokuwa anaanua nguo kabla mvua haijarudi. "Shangazi, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Unajua."

Alikunja shuka pembe kwa pembe bila kunitazama. "Baba yako ni mzima. Amechoka na maumivu. Mtu asiyelala usiku utamdai akili ya wapi? Akitengenezwa mguu atatulia." Kisha akanitupia shuka. "Na wewe acha kumkodolea macho. Leo amenifuata kuniuliza kama ana doa usoni."


Jumatatu, 18 Machi

Namshukuru Mungu. Baba ameniambia matokeo ya mtihani wake wa kumbukumbu wa Alhamisi: amepata thelathini kwa thelathini. Muuguzi alimpigia makofi. Daktari wa usingizi, atakayemlaza siku ya upasuaji, ameandika kwamba akili yake ni timamu kabisa na hahitaji uangalizi wa ziada.

Basi ni figo. Nimekula chakula cha moto.


Jumatano, 20 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilirudi kazini nimelowa mpaka mifupa. Baba alikuwa sebuleni, sahani tupu mbele yake. Nilimuuliza wamekula nini. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni na hataki kumvunja moyo mwulizaji. Shangazi alikuwa bafuni. Hakukuwa na wa kumdaka.

"Mkasi," alisema hatimaye, kwa uchangamfu. "Daraja, kitunguu, kengele, kijani!"

Alidhani hicho ndicho ninachotaka.

Nilikaa chini na koti langu la mvua mwilini. Hakukumbuka chakula cha dakika chache zilizopita, lakini yale matano ameyashika kama anavyoshika njia ya chooni gizani. Na saa huichora vizuri kwa sababu nimemchoresha saa mwaka mzima. Na saba saba kurudi nyuma huimba kama wimbo. Muuguzi wa utafiti alitumia karatasi ile ile ninayotumia mimi. Hakumuuliza mzee kama amewahi kuona maswali haya, kwa kuwa mzee gani angekuwa ameyaona?

Ni mimi niliyemfundisha. Thelathini zile ni zangu.

Kwa hiyo kuna karatasi hospitalini inayosema baba yangu ni mzima, na kuna damu kwenye friza inayosema vingine, na anayejua yote mawili ni mimi peke yangu.


Alhamisi, 21 Machi

Sijamwambia mtu. Nikisema, huenda wataahirisha. Wakiahirisha, Baba atarudi kuegemea friji, na safari hii atajua ni nani aliyemrudisha hapo. Nisiposema, watamlaza usingizi wakidhani ni mtu mwingine.

Mvua haikatiki. Ukuta wa chumba changu umeanza kuota ukungu kwenye kona, juu kidogo ya kitanda.


Ijumaa, 22 Machi

Nimesema.

Daktari wa usingizi tunamwita Lala Salama, ingawa si mbele yake. Siku zote nilimwona mtu wa majivuno: anatembea haraka, hajibu salamu mpaka afike mwisho wa korido. Nilimkuta kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, anamenya yai la kuchemsha.

Nilimweleza habari ya maswali. Nilimweleza yote, mpaka utani wa shikamoo. Aliacha yai.

"Mwaka mzima?"

"Karibu kila jioni."

"Na alipata thelathini." Alivuta pumzi. "Hata mimi ningepata." Kisha akanitazama kwa muda, na nikaona macho yake yamechoka kuliko nilivyodhani. "Wewe uko maabara ya damu."

"Ndiyo."

"Unaniambia kuhusu maswali tu, au kuna kingine?"

"Kuhusu maswali tu, daktari."

"Sawa," alisema polepole. "Maswali tu yanatosha. Mlete Jumatatu. Tuna karatasi nyingine yenye maneno mengine."

Alinishukuru. Sikutegemea kushukuriwa. Nilitoka nje nikasimama mvuani bila kufungua mwavuli.


Jumatatu, 25 Machi

Maneno mapya yalikuwa ngazi, sabuni, farasi, pazia, manjano. Nimeruhusiwa kukaa nyuma ya Baba, mahali asiponiona.

Baba aliyasikiliza, akayarudia vizuri. Alipochora saa na kumaliza mengine, Lala Salama akamwomba ayataje tena.

"Mkasi," Baba alisema.

"La, mzee. Yale niliyokutajia leo."

Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda cha jenereta. Baba alikunja ngumi, akaikunjua. "Sabuni," alisema, na mwishowe, baada ya muda mrefu mno: "Kulikuwa na rangi."

Tulipofika nyumbani alikaa kitini kwake na fimbo katikati ya magoti.

"Ulijua watanibadilishia maneno?"

"Ndiyo, Baba."

"Wewe ndiye uliyewaambia."

"Ndiyo."

"Umenikagua kama nilivyokuwa nikiwakagua wenye maduka." Sauti yake haikupanda, na hilo liliniumiza zaidi. "Hata wao nilikuwa nawapa taarifa."

Shangazi alinijia juu jikoni, akanong'ona kwa hasira mpaka mate yakanirukia. "Una nini wewe mtoto? Elimu yote hiyo, kumbe ni ya kumvua baba yako nguo mbele za watu? Mimi nimemfunika miaka miwili! Miwili! Wewe siku moja tu umemfunua!"

Miaka miwili. Alisikia mwenyewe alichokisema, akakaa kwenye kigoda, akajifuta uso kwa kanga.


Jumanne, 26 Machi

Baba haongei nami.


Jumatano, 27 Machi

Haongei nami. Mvua.


Alhamisi, 28 Machi

Lala Salama alituita sote watatu. Alimweleza Baba yeye mwenyewe, si sisi. Nilimpenda kwa hilo. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mzee, kumbukumbu yako imeanza kuchoka. Mtu wa namna hiyo akipasuliwa, uwezekano wa kuamka amechanganyikiwa ni mkubwa zaidi. Wengi hutulia. Wengine hubaki chini kidogo ya walipokuwa. Siwezi kukuahidi utakuwa upande gani."

"Na nisipopasuliwa?"

"Nyonga itakufunga. Mwaka huu au ujao utakuwa mtu wa kitandani. Na kitanda nacho kinakula akili, mzee. Kinakula taratibu, ila kinakula."

"Kwa hiyo pande zote mbili kuna hasara."

"Ndiyo. Ila nikijua, kuna ninayoweza kufanya. Dawa fulani sitakupa. Miwani yako utaamka nayo. Atakaa na wewe mtu unayemjua, mchana na usiku. Ningekuamini kwa ile thelathini, nisingefanya hata moja."

Shangazi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza nikamwona anaufunga.

"Nataka kutembea," Baba alisema.

Nje, tukisubiri gari chini ya paa, alinisemesha kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Umeona nini kwenye damu?"

"Siruhusiwi kusema, Baba."

"Basi ni mbaya."

"Sijasema hivyo."

"Ingekuwa nzuri ungesema huruhusiwi huku unatabasamu." Alinishika begani kupanda ngazi ya gari, kwa uzito wake wote. "Mkaguzi haombi radhi, binti yangu. Nimekasirika, lakini usiniombe radhi."


Jumapili, 7 Aprili

Kesho. Shangazi amenyoa ndevu za Baba mwenyewe, akimtania kwamba hata bwana harusi hakung'arishwa hivi. Baba anacheka. Ninamtazama anavyocheka. Ninajaribu kuweka kila kitu: anavyoinua nyusi, anavyosema "ala!" Nimeogopa kulala nisije nikakosa kitu.


Jumatatu, 8 Aprili

Amepasuliwa. Daktari wa mifupa ametoka akisugua viganja, anasema kiungo kimekaa kama kilizaliwa pale. Baba aliamka saa tisa alasiri, miwani usoni. Akasema jina langu. Akaomba maji.

Jina langu.


Jumatano, 10 Aprili

Jana alikuwa mzima mpaka adhuhuri. Naandika haya wodini, karatasi ipo juu ya goti.

Ilianza kwa kuvuta uzi wa shuka. Akauvuta, akauvuta, kama ana kazi ya kumaliza. Kisha akaikazia macho nguzo ya dripu na kusema, kwa sauti ya kazini ambayo sijaisikia tangu nikiwa mdogo: "Hii ina kasoro. Fungeni."

"Baba, hiyo ni dripu."

"Nani kakuruhusu kusimama nyuma ya kaunta?"

Aling'oa sindano mkononi. Damu ilirukia shuka na mkono wangu. Muuguzi mmoja alimshika bega, mimi nikamshika kiganja, naye akanitazama kwa hofu ambayo sijawahi kuiona kwenye uso wake. Alikuwa ananiogopa mimi.

"Mkasi!" alianza kunitajia. "Daraja. Kitunguu. Kengele. Nimesema yote, niacheni niende. Nimeshasema yote!"

Aliyarudia mchana kutwa kwa kila aliyeingia, kwa mfagiaji, kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, kama neno la siri la kufungulia mlango. Kila mara akimaliza husubiri, halafu huona kwamba hakuna kilichofunguka.

Shangazi alikuja saa kumi. Nilidhani atalia. Alivua viatu, akapanda ukingoni mwa kitanda, akaanza kuongea. Habari za majirani, bei ya mkaa, ndoa ya nani imevunjika. Aliongea bila kusimama. Kidogo kidogo vidole vya Baba viliuacha uzi. Mimi nilikaa miguuni na elimu yangu yote, sina hata sentensi moja ya kumpa.


Alhamisi, 11 Aprili

Baba ananiita mimi Dada, na Shangazi anamwita Mama.


Jumamosi, 13 Aprili

Leo asubuhi aliniuliza mvua imefanya nini kwenye paa la jikoni. Swali zima, lenye kichwa na miguu. Nilitoka nje kwenye korido nikalia.


Ijumaa, 19 Aprili

Amerudi nyumbani. Majirani wanakuja kumpa pole na wanatoka wakisema yuko vilevile. Anawauliza habari za watoto wao. Nimegundua hataji jina la mtoto hata mmoja; anasema "yule kijana wako" na wote wanaridhika.


Ijumaa, 26 Aprili

Kazini tumepima tyubu za baada ya upasuaji, za wagonjwa wote wa wiki mbili za mwanzo wa Aprili. Leo zilikuwa nyingi, sina namna ya kujua ya nani ni ipi. Namba nyingi zimepanda kidogo, kama ilivyotarajiwa. Moja imepanda mpaka msimamizi akatoka mezani kwake kuja kuitazama.

"Hii imeharibika?" aliuliza.

"Nimeirudia," nilisema. "Haijaharibika."

Kisha akafanya kitu asichowahi kufanya: alinivutia kiti, akazima skrini, akaniletea chai. Hakusema kwamba tyubu haina baba.


Jumatatu, 6 Mei

Mvua zinapungua. Baba anafanya mazoezi uani, anashika ukuta, anainua mguu. Fundi wa viungo anasema hajaona mzee anayepona haraka hivi.


Jumanne, 21 Mei

Kliniki. Picha ya nyonga ni nzuri mno. Daktari wa mifupa aliwaonyesha wanafunzi wake. Baada yake Baba aliingia kwa Lala Salama kwa maswali, karatasi ya tatu, maneno mengine tena. Mlango ulifungwa. Safari hii nilikaa nje.

Lala Salama alipotoka alijibu salamu yangu papo hapo, kabla sijaimaliza. Hapo nilijua.

"Unataka nikuambie?"

"Hapana, daktari. Naishi naye."

Aliitikia kwa kichwa. "Tungemlaza bila kujua, ingekuwa mbaya zaidi. Naamini hivyo." Akasita. "Nataka kuamini hivyo. Siwezi kukuthibitishia."

"Hata damu haiwezi."

"Bado," alisema.

Baba alitoka nyuma yake ananyoosha shati. Alipita mbele yetu bila fimbo, ameinua kidevu, akaelekea upande wa wodi ya watoto. Shangazi akamkimbilia.


Jumapili, 9 Juni

Wiki nzima haijanyesha. Barabara imekauka na watu wameanika magodoro nje.

Asubuhi Baba alisema tukanunue chumvi. Shangazi alinitupia jicho, nikaona anataka angalau saa moja ya kukaa bila kumdaka mtu. Tukaenda wawili.

Duka ni lile lile la siku zote, nyumba chache kutoka kwetu. Tulinunua chumvi, akamtania mwenye duka kuhusu mizani yake, wakacheka. Wakati wa kurudi alitangulia. Nilimwacha makusudi. Ilikuwa raha kumtazama: mgongo umenyooka, hatua ndefu, mikono inapunga. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitembea nikiwa mdogo, nikimkimbilia nyuma na begi la shule. Nilisahau kila kitu kwa muda. Nilifurahi tu kwamba baba yangu anatembea.

Alifika langoni kwetu, akalipita.

Nilisimama. Nilijiambia amewaza jambo, atageuka. Alipita nyumba ya jirani. Alimpungia mkono mtu aliyekuwa anaosha gari, na mtu yule akampungia pia. Alipita nyumba nyingine. Hakuonekana kama aliyepotea. Alionekana kama mtu anayeelekea kazini na anajua amechelewa.

Shangazi alitoka na ndoo, akaniona, akafuata macho yangu. Ndoo akaiweka chini.

"Mwite basi!"

"Baba!" niliita.

Mwosha gari akageuka. Mwanamume aliyekuwa anapita ng'ambo na mtoto begani akageuka. Yeye hakugeuka. Alikuwa amekaribia barabara kuu, kule yanakopita malori, na mguu mpya haukuchechemea hata kidogo.

Nikatupa chumvi, nikaanza kukimbia. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, na bado nafasi kati yetu ilichukua muda mrefu kupungua.